Bolti za hedi ya Probox: nirudishe zile zile au ninunue mpya?

Mwalimu_Wete

Assalaam aleikum jamani. Naombeni ushauri, na ikiwezekana niupate leo kabla ya magharibi. Kesho asubuhi kuna mtu wangu anapanda boti Unguja kuja Mkoani, nikikosa kumwagiza yeye sijui nitampata nani tena wiki hii.

Gari yangu ni Probox, injini 1NZ-FE. Nnayo mwaka wa sita. Wiki iliyopita natoka Chake narudi Wete, nimeshapita Ole, nimepakia watoto wanne na mikungu ya ndizi ya mama, mara nikaona moshi mweupe mbele na harufu ya maji ya moto. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Jua limeshazama, watoto wanalia njaa, nikatia maji ya chupa mbili nikaendelea nayo kama kilomita tatu mpaka nilipofika kwa jamaa. Najua sasa kwamba zile kilomita tatu ndizo zilizoniumiza. Asubuhi yake ilipowashwa ilikuwa inatetemeka, na oili ilipochekiwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Fundi wangu ni ami yangu, mdogo wake baba kwa mama mwengine. Tangu nakua yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza pick-up ya Datsun ya marehemu baba, na hajawahi kutuharibia gari. Kafungua hedi, yaani kile kichwa cha juu cha injini, na gasketi inayoziba baina yake na bloki imeungua baina ya silinda ya pili na ya tatu. Hedi imekwenda Unguja kusagwa uso na imesharudi. Sasa tunataka kufunga, na hapo ndipo tulipokwama.

Ami anasema bolti kumi za hedi zinarudi zile zile. Amezisafisha kwa petroli, kazipanga juu ya gazeti, kazipaka oili. Maneno yake: "Chuma hichi hakijakatika wala hakijapinda, unakitupa kwa kosa gani?" Nimeziangalia mie mwenyewe. Nyeusi, nzuri, isipokuwa mbili zina kutu ya hudhurungi shingoni pale maji yalipofika. Lakini muuza spea Unguja aliponiuzia gasketi kanambia bolti za hedi hazirudishwi hata siku moja, na nikizirudisha gasketi itaungua tena. Seti ya kumi anataka shilingi elfu 90. Mie sijui anasema hivo kwa kuwa ndivyo au kwa kuwa yeye ndiye muuzaji.

Elfu 90 si kitu cha kukifia, lakini nimeshalipa gasketi, nimeshalipa kusagwa hedi, na mwezi huu kuna ada ya chuo ya mwanangu. Nikiambiwa ni lazima, nitatoa. Ila nataka kuelewa ni lazima kwa nini. Na kama za hedi zinabadilishwa, je hizi nyengine zote zilizofunguliwa, za tepeti kava (kile kifuniko kinachokaa juu ya hedi), za manifoldi, za kemshafti, nazo nizinunue? Na kubwa kuliko yote: nitamwambiaje Ami bila ya kumvunjia heshima yake?

---

FundiAmani

Waaleikum salaam dada Mwalimu, pole na safari. Mie niko Amani, Unguja, na hizi NZ ndizo zinazonilisha, maana Probox, IST, Spacio na baadhi ya Vitz zinaingia kwangu kila wiki. Ami yako hajakosea, na muuza spea naye hakukudanganya. Kila mmoja anazungumzia bolti yake.

Gari alizokulia Ami, kama hiyo Datsun, bolti ya hedi ilikazwa kwa nguvu ya kipimo basi. Inavutika kidogo, na ukiilegeza inarudi urefu wake kama lastiki nzima. Ya namna hiyo ukiisafisha na uzi wake ukawa mzima, unairudisha, na ndivyo sote tulivyofundishwa.

1NZ-FE haikazwi hivo. Unaanza na toki, yaani nguvu ya kuzungusha spana, ya Nm (nyutoni mita) 29, ambayo ni ndogo, mtu anaifikia kwa mkono mmoja. Kisha unaizungusha kila bolti digrii 90, robo mzunguko, bila ya kuangalia toki inasema nini. Halafu unazungusha tena digrii 90. Zile robo mbili ndizo zinazoivuta bolti mpaka inapita pale ambapo ingeweza kurudi yenyewe. Imekusudiwa hivo kiwandani.

Kwa nini waitese bolti? Kwa sababu toki inadanganya. Katika nguvu yote unayotia kwenye spana, kiasi cha sehemu tisa kwa kumi zinaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na kwenye nyuzi. Sehemu moja tu ndiyo inayovuta bolti na kubana hedi. Sasa bolti mbili, moja ina oili na moja kavu yenye kutu, zote umezikaza kwa toki ile ile na spana imelia "kak" zote mbili. Moja imebana sawasawa, nyengine imejibana na kutu yake tu. Ukikaza kwa digrii, robo mzunguko ni robo mzunguko, bolti zote kumi zinavutika karibu sawa. Hedi ya aluminiamu juu ya bloki ya aluminiamu, inapanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, inataka mbano ulio sawa kila pembe.

Bolti ikishavutwa hivo mara moja, mbili, kuna mahali pake panakuwa pembamba. Ukiivuta tena inaweza kukubana kidogo kuliko inavotakiwa, au ikakatikia mkononi. Ndio maana wenye Volkswagen na BMW wameambiwa na watengenezaji wao watupe kila zikifunguliwa. Toyota kwa injini hii hawakusema hivo. Kitabu chao cha matengenezo kinasema pima urefu wa bolti kutoka chini ya kichwa mpaka ncha, ukizidi kipimo cha juu badilisha. Kwa hiyo muuza spea aliposema "hata siku moja" amezidisha, na Ami aliposema "chuma hakijakatika" amepunguza. Hicho kipimo cha juu kitoe kwenye kitabu cha injini yako, usichukue namba ya mtu aliyeikumbuka kichwani.

Kwa gari yako lakini, mie ningenunua. Injini imechemka, bolti mbili zina kutu shingoni, na hizi gari zinakuja zimeshatumika Japani, hujui kama hedi imeshawahi kufunguliwa huko kabla yako.

Hizo nyengine usihangaike nazo. Tepeti kava, sampu, manifoldi ya hewa, zile ndogo za soketi namba 10, rudisha zote. Kifuniko cha kemshafti pia rudisha, kila moja mahali pake. Za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni, kama hamkuzifungua msiziguse kabisa. Zingefunguliwa hizo ningekwambia mengine, kwa sababu nazo zinakazwa kwa digrii, na konrodi ikiachia inatoka ubavuni mwa bloki.

---

MzeeWaMkoani

Mwanangu Mwalimu, mie nimeendesha na kutengeneza gari za abiria tangu zile za bodi ya mbao, Mkoani na Chake, Chake na Mkoani. Sasa nnayo Hiace ya dizeli, 3L. Hedi yake nimeifungua mara tatu, bolti zile zile. Mara ya kwanza gasketi imekaa miaka minne.

Sisemi huyo kijana wa Amani muongo. Nasema mafundi wa siku hizi wanakimbilia kununua bolti mpya halafu wanafunga juu ya uchafu. Gasketi nyingi nilizoona zikiungua mara ya pili, bolti haikuwa na kosa. Hedi imepinda na mtu hakuweka rula akapima. Au matundu ya bolti ndani ya bloki yamejaa maji na masizi, bolti inafika chini inagonga maji, spana inakuwa nzito, fundi anadhani imeshakaza. Hiyo ndiyo inayoua. Na maji yakibanwa chini ya tundu lisilo na pa kutokea, bloki inapasuka. Nimeliona hilo kwa macho yangu, bloki ya mtu imefunguka kama kifuu.

Kwa hiyo hata ukinunua za elfu 90, mwambie ami yako asafishe matundu. Na usimfundishe kazi mbele ya watu.

---

FundiAmani

Mzee wangu, shikamoo. La matundu umesema kweli tupu, na mie nilipaswa kulitaja mwanzo. Kuhusu 3L yako, ni injini ya bloki ya chuma cha pua... samahani, chuma cha kusubu nilitaka kuandika, na bolti zake ni nene. Hata hizo Toyota wanataka zipimwe kabla ya kurudi. Zako zilikuwa nzima, ndio maana zimekaa. Mie ningezipima kabla ya mara ya nne.

---

NoahYangu

Mie si fundi, lakini nataka dada ajue yaliyonikuta. Nipo Fuoni. Nna Noah yenye injini ya 1AZ. Ilichemka, ikafunguliwa, nikanunua bolti mpya na kila kitu kipya. Fundi alipofika bolti ya nyuma, karibu na upande wa dereva, anazungusha ile robo ya pili, bolti ikawa inazunguka tu, haina uzito. Akaivuta, ikatoka na nyuzi za bloki zimejikunja kwenye uzi wake kama waya wa brashi ya kuoshea masufuria. Yaani bolti mpya nzima, tundu la bloki ndilo lililokufa.

Baadae nikaja kujua hizi AZ zina ugonjwa huo, bloki ya aluminiamu inaachia nyuzi, hasa upande wa nyuma. Ikabidi matundu yachimbwe upya yatiwe bushi za chuma zenye uzi ndani. Imepona, ila nimelipa mara mbili na gari ilikaa karakana mwezi mzima na siku kadhaa.

Dada, mwambie Ami aingize kila bolti kwa vidole kwanza, bila spana. Ikishuka laini mpaka chini, sawa. Ikigoma au ikicheza, msifunge hedi.

---

Mwalimu_Wete

Ahsanteni sana, Mungu akulipeni kheri. Nimesoma maneno ya FundiAmani mara tatu. Mie nasomesha fizikia kidato cha tatu. Kila mwaka nawaning'inizia wanafunzi springi, natia uzani mmoja mmoja, wanachora mstari ulionyooka, halafu natia uzani wa kupita kiasi ili waone springi inavokataa kurudi. Kanuni ya Hooke naweza kuisomesha usingizini. Na siku zote bolti za gari yangu mwenyewe ni jambo lile lile na sikuwahi kulifikiria.

Basi nimefanya hivi. Nimekwenda skuli nikaazima kalipa ya maabara, ile inayofika milimita 150. Nikarudi kwa Ami na birika ya chai na maandazi. Sikumwambia kwamba watu wa Unguja wamesema hivi na hivi. Nimemwambia, "Ami, nataka kuwaonyesha wanafunzi wangu chuma kinavyovutika, nipimie hizi unisaidie." Sikumdanganya, nitawaonyesha kweli. Akasema lete.

Alikuwa amezipanga bolti kwenye kipande cha boksi alichokitoboa matundu kumi, kila bolti imechomekwa mahali pake ilipotoka kwenye hedi. Hilo sikumuomba, ndiyo ada yake. Tukapima kutoka chini ya kichwa mpaka ncha, yeye anashika, mie nasoma na kuandika. Nane zimelingana, tofauti yake haifiki nusu milimita. Mbili zimezidi hizo nane kwa zaidi ya milimita moja. Na lililonishangaza, hizo mbili si zile zenye kutu. Ni nzuri za kuangalia kuliko zote, nyeusi inang'ara, na zote mbili zimetoka katikati, pale pale gasketi ilipoungulia.

Ami hakusema kitu. Akazichukua moja ndefu na moja fupi, akazilaza ubavu kwa ubavu, uzi ndani ya uzi kama vitana viwili vilivyoumana, akaziinua mlangoni kwenye mwanga. Akanambia niangalie. Mwanzoni nyuzi zinaingiana, ukienda mbele zinaanza kupandana, na mwanga unapita baina yake. Akajaribu fupi mbili, mwanga haupiti hata chembe. Akazirudia zile ndefu tena, polepole, akaniambia, "Hizi zimechoka, mwanangu. Agiza mpya zote kumi. Ukichanganya nzima na zilizochoka hedi itakaa upande." Nimempigia mtu wangu, amezinunua, kesho anapanda nazo.

Nimebakiwa na mawili. Ami hana toki renchi, ile spana ya kupimia toki, siku zote anakaza kwa mkono na uzoefu. Na hizo digrii 90 zinapimwaje?

---

FundiAmani

Ami yako ni fundi kweli, dada. Hiyo ya kulaza nyuzi ubavu kwa ubavu vijana wangu wengi hawaijui.

Digrii 90 haitaki kifaa. Toyota wenyewe wanasema weka alama ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti ukishamaliza Nm 29. Ukizungusha robo, alama zote zinaangalia upande mmoja wa gari. Robo ya pili, zote zinaangalia nyuma. Bolti iliyosahauliwa unaiona papo hapo.

Ila toki renchi ya mwanzo tafuteni, msikisie. Nm 29 ni ndogo, na mkono uliozoea injini za zamani utapitisha, halafu na robo zote mbili zinakuwa zimezidi. Anza katikati, nenda ukitoka nje kwa kupokezana, zote kumi zimalize hatua moja kabla ya kuanza ya pili. Oili ya injini kidogo sana kwenye uzi na chini ya kichwa, isichuruzike. Ikijaa tundu ni yale yale ya maji aliyosema Mzee. Mkifungua pakiti, zipime mpya nazo kabla ya kutia, zote kumi ziwe urefu mmoja. Kuna bandia zinazouzwa ndani ya boksi zuri.

---

MashineZaBahari

Nimeingia nimechelewa. Mie nafunga mashine za boti, Wesha. Toki renchi nnayo, mashine za boti hazifungwi bila ya hiyo. Inaanzia Nm 10. Mwalimu, mtume kijana aje Chake na bodaboda aichukue, arudishe kesho yake. Ikitoka kazini muirudishe mpaka alama ya chini kabisa kabla ya kuitia boksini, springi yake isikae imekazwa usiku kucha.

Na kwa kuwa tuko kisiwani, nataka niseme moja. Watu wengi hapa Pemba bolti ikila kutu wanakwenda dukani kununua ile nyeupe isiyoshika kutu, wanaona ndiyo bora zaidi. Kwenye gari usifanye hivo kwa bolti yoyote inayobeba mzigo. Angalieni namba kichwani. 8.8, 10.9, 12.9, hizo ndizo nguvu zake. Namba ya mwanzo ukiizidisha mara mia unapata nguvu ya kukatika kwa kila milimita ya mraba katika nyutoni, 8.8 ni 800, 10.9 ni 1000. Nyeupe ya kawaida iliyoandikwa A2-70 ni 700. Haifiki hata 8.8. Na ukiitia kwenye aluminiamu penye chumvi ya bahari, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Nimezitoa nyingi zimeacha unga mweupe, tundu limekuwa kubwa kuliko bolti. Ile isiyo na namba kabisa kichwani ni ya kufungia kitanda.

---

MzeeWaMkoani

Hiyo ya mwanga mlangoni nimeifanya leo asubuhi kwa bolti zangu za akiba za 3L. Nimetupa tatu.

Mwalimu, matundu mnayasafisha na nini?

---

Mwalimu_Wete

Mzee wangu, shikamoo. Tumemwita fundi pancha wa hapa jirani na kompresa yake. Ami alivaa miwani, kafunika silinda kwa matambara, akapuliza tundu moja moja. Tundu la pili kutoka mbele lilitoa maji meusi yakaruka mpaka ukutani. Kwa macho lilikuwa linaonekana kavu. Baada ya hapo akaingiza kila bolti mpya kwa vidole kama alivyosema mwenye Noah, zote zikashuka mpaka chini bila kugoma. Niliposhusha pumzi ndipo nilipojua nilikuwa nimeizuia.

MashineZaBahari, toki renchi imefika salama na nitakurudishia kesho, imeshushwa mpaka chini. Ahsante sana, hujui umenisitiri kiasi gani.

Alama tulizitia kwa wino mweupe wa kusahihishia, ule ninaotumia kwenye madaftari. Ami alikaza Nm 29, alipoisikia toki inalia mapema vile akaniangalia. Akasema, "Ndo hii tu?" Kwa mkono wake yeye angekwenda mbali zaidi. Akarudia bolti zote kumi kuhakikisha. Kisha robo, kisha robo. Mie nikishika taa na kuhesabu kwa sauti, na mwisho wino wote ukawa unaangalia nyuma.

---

Mwalimu_Wete

Wiki tatu zimepita, narudi kutoa habari. Gari nimekwenda nayo Konde mara mbili na Mkoani mara moja, nimepakia watu watano. Maji hayapungui, nayapima kila asubuhi kabla haijawashwa. Oili tulimwaga ya kwanza baada ya siku mbili kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani, tukatia nyengine na filta mpya, na sasa ni safi. Mpira wa rejeta wa juu mpya, na wa chini nimeubadilisha pia ingawa haukuwa umepasuka.

Swali la Ami, sio langu. Anasema zamani ukishafunga hedi unatembea kilomita kama 1000 unarudi kukaza bolti upya. Anauliza lini tufungue tepeti kava tukaze.

---

FundiAmani

Alhamdulillah. Mwambie Ami asikaze. Ile ilikuwa kwa gasketi za zamani zilizokuwa zikilala baada ya joto, na bolti za toki tupu. Hizi zimeshavutwa mahali pake. Ukizigusa tena unaziongezea mvuto ambao haukuhesabiwa, na kazi yote aliyoifanya kwa uangalifu ule inaharibika. Zikae mpaka siku hedi itakapofunguliwa tena, na siku hiyo zipimwe.

---

Mwalimu_Wete

Nimemsomea. Amesema haya, isiguswe.

Zile kumi za zamani kanifungia kwenye kile kile kipande cha boksi chenye matundu, kila moja na namba yake kaiandika kwa penseli. Kalipa bado ninayo. Jumatatu kidato cha tatu watapima, sitawaambia mapema kwamba mbili ni ndefu.